Jean Jadot, injenieri aliyetaka shaba ya Katanga isikatike

Wazee wa Likasi waliozaliwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, karatasi zao za kuzaliwa zimeandikwa Jadotville. Wengine bado wanatamuka jina hilo bila kufikiri, sawa vile mutu anavyoita kartiye yake kwa jina la zamani. Lakini ukiuliza Jadot mwenyewe alikuwa nani, majibu yanapotea. Mwingine atasema alikuwa askari wa mufalme, mwingine atasema ni muzungu wa kwanza kufungua mugodi. Hapana. Jean Jadot alikuwa injenieri wa reli, na kazi yake kubwa juu ya Katanga aliifanya akiwa amekaa mbele ya meza ya biuro kule Bruxelles.

Alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha On, upande wa kusini wa Ubelgiji. Alisoma uinjenieri katika Chuo Kikuu cha Louvain. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa inchi ndogo yenye viwanda vingi kuliko soko lake: ilitengeneza reli, magari ya treni, madaraja ya chuma, na ilitafuta inchi za mbali za kuviuza. Vijana wenye diploma sawa na Jadot walitumwa pamoja na chuma hicho. Yeye alipelekwa kwanza Misri, akafanya kazi juu ya tramu za Cairo na reli ndogo za kule chini kwenye bonde la Nil.

Kisha Misri ilikuja China, na huko ndiko jina lake lilikua. Wabelgiji na Wafaransa walipata kandarasi ya kujenga reli kutoka Beijing mpaka Hankou, muji wa kando ya muto Yangtze ambao leo ni sehemu ya Wuhan. Ni safari ya kilometa karibu 1,200. Jadot alipewa kuongoza kazi yote. Mwaka 1900 waasi Waboxer walipanda juu ya wageni: reli ziling'olewa, stesheni zilichomwa, Wabelgiji wa kazi wakakimbia na wengine kuuawa. Kazi ya miaka ikarudi nyuma. Baadaye walianza tena. Kulikuwa na muto Manjano mbele yao, wenye muchanga laini chini na maji yanayohama fasi kila musimu, na juu yake walijenga daraja la karibu kilometa 3. Mwaka 1905 treni ilipita kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mutu anayejenga reli namna ile hajifunzi chuma tu. Treni inaomba makaa ya mawe, makaa yanaomba mugodi, mugodi unaomba watu, watu wanaomba chakula na munganga, na vyote vinaomba feza inayofika kwa saa yake. Kimoja kikikosa, vingine vyote vinalala. Leo kuna vyuo vinavyofundisha jambo hilo sawa elimu kamili: kuangalia kampuni nzima sawa mashini moja, na kutafuta namna kiwanda kinaweza kuendelea miaka mingi bila kujimaliza chenyewe. Wakati wa Jadot elimu hiyo ilikuwa bado haina jina. Alikuwa nayo kichwani, na aliileta Katanga.

Aliporudi Ulaya mwaka 1906, benki kubwa kuliko zote za Ubelgiji, Société Générale de Belgique, ilimuweka kati ya wakubwa wake. Mwaka ule ule Mufalme Léopold wa Pili alikuwa katika taabu. Habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa juu ya kaucho zilikuwa zimeenea dunia nzima, na ilionekana wazi kwamba Congo yake itanyanganywa ipewe serikali ya Ubelgiji. Ilikuwa hivyo mwaka 1908. Mbele ya siku hiyo kufika, mufalme alitaka utajiri wa Congo uingie ndani ya makampuni. Oktoba na Novemba 1906 makampuni matatu yalizaliwa: Union Minière du Haut-Katanga juu ya shaba, Forminière juu ya almasi na misitu, na BCK juu ya reli ya kutoka Bas-Congo mpaka Katanga. Société Générale ilikuwa ndani ya yote matatu, na Jadot ndiye alipewa kuyasimamisha.

Hapa inafaa kusema jambo moja ambalo vitabu vya kampuni vilipenda kupita mbio. Shaba ya Likasi na Kambove haikuvumbuliwa na Union Minière. Wasanga na majirani zao walikuwa wakichimba na kuyeyusha mawe ya kijani vizazi vingi mbele ya hapo, wakitengeneza misalaba midogo ya shaba iliyofanya kazi ya feza mpaka mbali na Katanga. Mufalme Msiri wa Bayeke alitawala biashara hiyo mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1891. Mwaka uliofuata mujiolojia Jules Cornet alipopita kuandika fasi za madini, alipita juu ya mashimo yaliyokwisha kuchimbwa.

Lakini kuyeyusha shaba ya misalaba na kuyeyusha shaba ya kuuza Ulaya ni vitu viwili. Mwaka 1906 Katanga haikuwa na reli, haikuwa na makaa mazuri, na ilikuwa na watu wachache sana kwa kazi ile. Bahari ilikuwa mbali pande zote. Tani moja ya shaba ingeliwa na bei ya safari mbele ya kufika bandarini.

Jibu la kwanza lilikuwa kukopa njia ya Waingereza. Reli ya Rhodesia ilipandishwa mpaka mupakani Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 tanuru ya kwanza ikatoa shaba, haikufika hata tani 1,000 mwaka mzima. Makaa ya koke, yale yanayochomwa kwanza ili yatoe moto mukali, yalitoka Wankie, Rhodesia. Unga wa mahindi wa wafanyakazi ulitoka Rhodesia. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wenyewe walitoka Rhodesia. Shaba yenyewe ilitoka kupitia Rhodesia mpaka bandari ya Beira, Msumbiji. Katanga ilikuwa na bendera ya Ubelgiji, lakini tumbo lake lilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Jadot, aliyekuwa guvernere wa Société Générale tangu 1913, alitumia miaka karibu ishirini kukata utegemezi huo, kamba moja moja.

Kamba ya kwanza ilikuwa njia. BCK ilisukuma reli kutoka Elisabethville: mwaka 1913 ilifika Kambove kwa kupitia Likasi, na mwaka 1918 ikafika Bukama, fasi muto Lualaba unapoanza kubeba mashua. Kisha walianza mustari murefu wa Bukama mpaka Ilebo kwenye muto Kasai, zaidi ya kilometa 1,100, uliomalizika mwaka 1928. Toka hapo shaba ingeweza kwenda Matadi bila kukanyaga inchi ya mutu mwingine. Tuseme kweli, njia hiyo haikuwa rahisi. Muzigo unapanda treni, unashuka kwenye mashua Ilebo, unapakuliwa Kinshasa, unapanda treni tena mpaka Matadi. Njia ya Benguela, ya treni moja mpaka Lobito kule Angola, ilikuwa fupi zaidi, na ilipokutana na reli ya Katanga mwaka 1931 kila mutu wa hesabu aliona tofauti. Lakini Ubelgiji ilitaka njia yake, na kampuni ya reli ilikuwa mutoto wa benki ile ile. Jadot alifanya hesabu ya nyumba nzima, si ya chumba kimoja.

Kamba ya pili ilikuwa moto, na hapa Likasi ndipo ilipofanywa kuwa muji. Mawe ya kwanza yaliyochimbwa yalikuwa na shaba nyingi sana, yangeweza kuingia tanuruni moja kwa moja. Mawe ya namna hiyo yanakwisha. Injenieri yeyote mwenye akili anajua kwamba mugodi unaokula nyama na kuacha mifupa utafunga mulango mapema. Kwa hiyo mwaka 1921 kiwanda cha Panda kilianza: mawe maskini yanasagwa, yanaoshwa, udongo unaachwa, shaba inakusanywa. Vilima vilivyohesabiwa kuwa havina faida vikageuka kuwa akiba ya miaka mingi.

Halafu ilikuja Shituru, mwaka 1929, na Shituru ilibadilisha hesabu yote. Pale hawakutumia moto wa makaa. Mawe yaliyosagwa yanawekwa ndani ya asidi, asidi inakula shaba na kuigeuza maji ya buluu, kisha umeme unapitishwa ndani ya maji hayo na kuvuta shaba safi ibandike juu ya mabamba. Hakuna koke ya Wankie hapo. Kinachotakiwa ni umeme, umeme mwingi, usiku na muchana. Umeme huo ulitoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya muto Lufira, ambapo baraji na santrali vilianza kazi mwaka 1930. Maji yaliyofungwa nyuma ya baraji yalifanya ziwa Tshangalele, lile ambalo mpaka leo linalisha wavuvi wa upande wa Kapolowe. Makaa ukichoma yanakwisha; mvua inarudi kila mwaka. Kwa miaka ile, hiyo ilikuwa moja ya kazi kubwa za maji katika Afrika ya kati, na ilifanywa bila mutu kusema neno mazingira. Ilifanywa juu koke ilikuwa bei kali.

Wakati huo huo, kilometa chache magharibi ya Likasi, Shinkolobwe ilikuwa imefunguliwa tangu 1921. Radiumu yake ilitolewa Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922, na kwa muda ilitawala soko la dunia. Jadot hakuishi kuona yale ambayo uraniumu ya shimo lile ingefanya mwaka 1945.

Kamba ya tatu ilikuwa watu. Hiyo ndiyo waliyoikumbuka mwisho, na bei yake ililipwa na wengine.

Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliajiriwa kwa mikataba ya miezi michache. Kuanzia 1910 kulikuwa na ofisi ya kukusanya watu, Bourse du Travail du Katanga, iliyotuma wakala wake Lomami, Kasai na pande zingine. Chefu wa kijiji alitoa vijana, mara nyingi kwa kulazimishwa. Walitembea siku nyingi, walifika wamechoka, walilala katika nyumba za nyasi zilizojaa watu, walikula unga bila mboga. Kifua, kuhara na homa ya matumbo viliwaua. Mafua makubwa ya 1918 yakaongeza makaburi. Aliyebaki muzima alirudi kwao mara mukataba unapokwisha, na kampuni ikaanza tena na mutu mupya asiyejua kazi. Kwa macho ya hesabu peke yake ilikuwa hasara: unalipa safari, unamufundisha mutu, anakufa ao anaondoka. Lakini mutu alionekana kuwa kitu cha kubadilisha, sawa mbao za chini ya reli, na kwa muda murefu hakuna aliyekuwa mbio kubadili hesabu hiyo.

Kilichobadilisha ni upungufu. Miaka ya 1920 reli, migodi, baraji na mashamba ya wazungu vyote viliomba watu kwa mara moja, na vijiji vilikuwa vimekauka. Serikali yenyewe ikaanza kuogopa. Union Minière ilitafuta watu mpaka Rwanda na Burundi. Na ilianza, kati ya 1926 na 1928, kugeuza mupango: mikataba ya miaka mitatu, mwanaume aje na bibi yake, nyumba za matofali, hospitali, maternite, posho ya chakula iliyopimwa, shule zilizopewa wamisionari Wabenedikto. Munganga Léopold Mottoulle alisimamia sehemu kubwa ya mupango huo. Vifo vilishuka sana. Watoto wakaanza kuzaliwa kambini, wakajua kijiji cha baba yao kwa kusikia tu. Ndipo Likasi ilipata watu wake.

Wema huo ulikuwa na mipaka, na wazee walioishi ndani ya kambi za kampuni waliijua. Kampuni ilihesabu watoto, ilipima kilo zao, ilijua nani analala nyumba gani. Sendika zilikatazwa kwa Mwafrika. Kazi ya juu ilikuwa ya muzungu, na mushahara wake haukuwa na kulinganisha na wa mweusi. Mutoto aliyesoma alisomeshwa ili aingie kiwandani. Kampuni ilimutunza mutu sawa inavyotunza mashini ya bei: kwa sababu ikiharibika ni hasara. Tofauti ni kwamba mashini haina kumbukumbu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi juu ya mushahara, hapa Jadotville na kule Elisabethville, na askari wakapiga risasi. Watu wengi walikufa.

Jadot hakuyaona hayo. Aliona jambo lingine lililoonyesha kwamba mashini yake ilikuwa na tundu. Mwaka 1930 Union Minière ilitoa karibu tani 139,000 za shaba, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa mbele ya hapo. Panda ilisaga, Shituru ilikuwa mupya kabisa, Mwadingusha ilitoa umeme, reli ilifika pande zote. Kila kamba ilikuwa imefungwa. Lakini bei ya shaba haikufungwa popote ndani ya Katanga. Ilikatwa New York na London. Kisha anguko la 1929 bei ilianza kushuka, na mwaka 1932 ratili moja iliuzwa chini ya theluthi ya bei yake ya zamani. Mwaka huo Katanga ilitoa kama tani 54,000 tu.

Na sasa ilionekana nani anabeba muzigo mupango unapolegea. Matanuru yanaweza kuzimwa na kungoja. Baraji inangoja. Benki ilikuwa na akiba. Wafanyakazi ndio waliopandishwa treni kurudi kwao, maelfu kwa maelfu, pamoja na wale wa Rwanda waliokuwa wameletwa miaka michache nyuma na ahadi ya nyumba ya matofali. Wengi wa wafanyakazi wote walipoteza kazi kati ya 1930 na 1932. Mule kambini nyumba zilibaki wazi.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya shida Likasi na Panda ziliunganishwa na kupewa jina Jadotville, kumuheshimu guvernere wa benki. Aliyeheshimiwa alikuwa mugonjwa wa nguvu na muzee wa miaka 70. Alikufa mwaka 1932, Ubelgiji, kazi yake ikiwa katika hali mbaya kuliko wakati wowote tangu 1911.

Mashini ilisimama tena kisha yeye, na ilifanya kazi murefu kuliko hata alivyoweza kutumaini. Edgar Sengier, injenieri aliyefika Lubumbashi akiwa kijana mwaka 1911, aliiongoza kupita vita ya pili ya dunia, na ndiye aliyewauzia Wamarekani uraniumu ya Shinkolobwe. Kisha uhuru, Septemba 1961, jina Jadotville liliingia katika habari za dunia kwa vita ya siku chache kati ya askari Wairlandi wa Umoja wa Mataifa na jeshi la Katanga. Mwaka 1966 muji ulirudishiwa jina Likasi. Januari 1967 serikali ilichukua migodi, na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikarithi kila kitu: Panda, Shituru, baraji, hospitali, shule, kambi, na ile desturi ya mufanyakazi kungoja kila kitu kutoka kwa kampuni.

Kwa miaka, mashini iliendelea kuzunguka juu ya mafuta ya zamani. Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya Lobito. Katika miaka ya 1980 Gécamines bado ilifika zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka, lakini feza ilitoka bila kurudi kwenye matengenezo, na Jadot, ambaye katika China alijenga mara mbili reli ile ile, angeelewa haraka maana yake. Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka. Miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitolewa kwa malipo ya mwisho, na jamaa nyingi za Likasi zinajua feza hiyo ilidumu muda gani.

Mwadingusha ilitengenezwa na kurudi kazini mwaka 2021. Umeme wake mupya ulitakiwa kwanza na migodi ya kisasa ya upande wa Kolwezi. Njia ya Lobito nayo imeanza kubeba shaba tena. Lakini sehemu kubwa ya muzigo inapita kwa barabara: malori yanateremka kutoka Kolwezi, yanakata Likasi usiku na muchana, yanaenda Lubumbashi na Kasumbalesa, na sehemu zingine za safari dereva akiangalia pembeni anaiona reli ya BCK ndani ya majani.